Kisahani Nilichokitoa Msikitini

Watu wakilisifu lile besi langu mimi hutazama chini, na wao hudhani ni unyenyekevu. Vijana wa muziki hunijia mpaka barazani, wakakaa, wakanywa kahawa yangu, wakauliza nililitengeneza vipi wakati ambapo Unguja nzima hapakuwa na duka la kuuza kitu kama hicho. Nawaeleza habari ya kisanduku, nawaeleza shingo, nawaeleza nyuzi na vifunguo vya kukazia. Nikifika kwenye kile kilichoifanya sauti itoke, nasema tu, "Nilipata kisahani fulani," kisha nawauliza kama wataongeza kahawa. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza nilikipata wapi. Leo nasema bila ya kuulizwa. Nimekuwa mtu mzima wa kutosha kuaibika mbele za watu, na kuaibika peke yangu kumenichosha.

Miaka ya hamsini nilikuwa fundi wa redio. Duka langu lilikuwa chumba kimoja cha chini, katika uchochoro wa nyuma ya Darajani, chenye mlango mmoja na joto la watu kumi. Kazi niliifundishwa na Mhindi mmoja aliyekuwa akinifukuza kila Jumamosi na kuniita tena kila Jumatatu, mpaka Jumatatu moja nikaona bora nisirudi, nikafungua changu. Mchana nilikuwa fundi. Jioni nilivuka Ng'ambo kwenda kupiga kidumbak, ile ngoma ya harusi za watu wa kawaida, ndugu maskini wa taarabu: ngoma mbili ndogo, fidla, mwimbaji asiyeona haya, na sanduku. Sanduku ndilo lililokuwa langu. Ni kasha la chai lililopinduliwa, fimbo moja na kamba moja. Unaivuta fimbo, unaipiga kamba, na kasha linanguruma. Nilikuwa hodari wa kulingurumisha, na hilo nasema bila ya kujisifu, maana sifa nyengine zote katika habari hii nimezipoteza.

Nilichokitaka mimi ni kiti. Mjini kulikuwa na kilabu cha taarabu ambacho watu wake walipiga wamevaa makoti, wamekaa kwenye viti, na mbele yao wamewekewa karatasi. Mpiga besi wao alihamia Dar es Salaam akaondoka na besi lake kubwa, na kiongozi wa kilabu alikuwa mteja wangu. Siku moja amekuja kuchukua redio yake, nikamwambia kwamba mimi naweza kukaa pahala pale palipobaki wazi. Alicheka mpaka akakohoa.

"Wewe wa kasha la chai?" alisema. "Bwana we, sisi tunakaa vitini."

Nilihisi masikio yanawaka. Nikamwambia nitakuja na besi langu mwenyewe, dogo la kupakata, na sauti yake itapitia kwenye redio, itatoka kubwa kuliko lile lililokwenda Dar es Salaam. Sijui maneno hayo yalitoka wapi. Yeye akafuta machozi ya kicheko, akasema wana harusi kubwa wiki sita mbele, nilete hicho kioja changu wakione.

Basi nikaanza. Mpishi wa Mzungu mmoja wa Vuga alinipa kisanduku cha biri, zile sigara nene wanazovuta wakubwa. Mbao zake nyembamba, kavu, zina harufu nzuri, na ukikigonga kwa kidole kinajibu. Shingo niliichonga kwa kipande cha mfenesi nilichoomba kwa seremala wa milango. Nyuzi zilikuwa tatu, nene, za utumbo, kwa sababu nilitaka sauti nzito yenye nyama, kama ya sanduku langu.

Shida ya kwanza ilikuwa vifunguo. Nilianza na vigingi vya mti kama vya ala ya udi, nikavichonga mwenyewe kwa siku tatu. Ilikuwa masika, na mti wetu wakati wa masika una akili zake: asubuhi umevimba hata kigingi hakigeuki, mchana jua likitoka kidogo umelegea. Nilikuwa nakaza uzi, nikigeuka kuchukua kikombe changu, nikirudi nauona umelala. Nikamwendea Mgoa mmoja aliyekuwa akipiga muziki wa dansi, ambaye nyumbani kwake alikuwa na kaburi la ala zilizovunjika. Alinitolea vifunguo vya mandolini, vidogo, vinang'aa kama vipuli vya bibi harusi, na vifunguo vya gitaa, vimeshika kutu lakini vina meno makubwa ya shaba. Macho yangu yalivipenda vya mandolini. Lakini uzi mnene haupiti kwenye kitundu cha mandolini, na hata ukipita, meno yake madogo hayawezi kuushikilia. Nikachukua vya gitaa, nikavisugua kwa mafuta ya taa, nikavitoboa vitundu vikubwa zaidi. Havikuteleza hata siku moja. Mgoa nilimtengenezea redio yake, naye akanipa vile vifunguo kwa mikono miwili, na kila nikivishika sina la kujilaumu. Natamani kazi yote ingekuwa ya vifunguo.

Shida ya pili ilikuwa sikio. Besi dogo kama lile halina tumbo la kunguruma, lazima liwe na kitu cha kusikia uzi unapotikisika na kuipeleka ile sauti kwenye redio, pale nyuma panapochomekwa santuri. Nilijaribu kwanza kisikilizio cha masikioni cha askari, vitu vilivyobaki vita vilipokwisha na vikauzwa mnadani. Kina sumaku ndani, na sumaku haisikii kitu ila chuma. Nyuzi zangu za utumbo hata haikujua kama zipo. Nikatia waya wa breki ya baiskeli badala ya utumbo. Ukanikata vidole, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayegonga sufuria. Nikajaribu kile kidude cha kusemea cha simu mbovu. Kikawa kinatatarika mfululizo kama mihogo katika mafuta, na besi ndani yake halisikiki. Wiki tatu zikawa zimekwenda.

Nilijua kinachotakiwa. Ni kisahani cha bati, chembamba, upana wa biskuti, ndani yake kuna kijiwe ambacho ukikitikisa kinatoa umeme. Hicho hakijali uzi wa chuma wala wa utumbo. Kinasikia mbao zenyewe. Kisahani cha namna hiyo nilikuwa nimekiona pahala pamoja tu, ndani ya maikrofoni ya msikiti wetu.

Msikiti wa mtaani kwetu ulikuwa mdogo, hauna mnara, kama misikiti yetu mingi ya zamani. Muadhini alikuwa akisimama mlangoni na kuadhini, na sauti yake ikifika inapofika. Kisha tajiri mmoja wa mtaa alirudi safari ya Aden, na huko ameona vipaza sauti, akaagiza mashine, maikrofoni na pembe ya kuweka juu ya dari, akavitia wakfu kwa ajili ya roho za wazee wake. Mimi ndiye niliyevifunga. Sikuchukua ujira, nilisema nataka thawabu, na watu wakaniombea dua nimesimama juu ya ngazi.

Muadhini alikuwa Mtumbatu, mzee wa umri wa baba yangu, aliyekuja mjini akiwa kijana kuuza kamba za usumba na asirudi tena kwao. Mkewe alikuwa amefariki, watoto hakujaaliwa. Alikaa katika kile chumba cha ubavuni mwa msikiti anachokaa muadhini yeyote aliyepo, na chumba kile na adhana zile tano ndizo zilizokuwa maisha yake yote. Sauti yake ndiyo iliyokuwa ikinitoa kitandani nikiwa mtoto na kunirudisha nyumbani nikichelewa kuchezacheza. Mashine ilipokuja, siku za mwanzo aliitazama kama anavyotazamwa mgeni aliyekuja na sanduku kubwa bila kusema ataondoka lini. Lakini siku aliyoambiwa na wachuuzi kwamba adhana yake imesikika mpaka marikiti, aliipenda. Akajifunza kukaa ndani, karibu na kibla, na kusema taratibu mdomo ukiwa karibu na chombo, badala ya kwenda kupaza mlangoni. Hilo nilimfundisha mimi, na hilo ndilo lililomponza.

Siku moja waya ulikatika, akaniletea ile maikrofoni dukani ameifunga katika leso kama mtu aliyebeba yai. Ilikuwa kazi ya dakika chache. Mimi nikamwambia, "Niachie, Mzee, njoo kesho."

Alipoondoka nikaifungua, nikakitoa kile kisahani, nikakibandika kwa nta chini ya kisanduku cha biri. Nikapiga uzi mzito. Wallahi, muuza kahawa aliyekuwa akipita uchochoroni alisimama na dele lake akachungulia ndani. Ile ndiyo sauti. Ilitoka redioni nzito, ya duara, ina nyama na mifupa. Nilikaa nayo mpaka Alasiri ikanipita, na nilipoinuka nilikuwa nimeshaamua.

Mtoto yeyote aliyepita chuo cha Kurani anajua kwamba wakfu hauuzwi, haurithiwi wala hautolewi. Nilijua. Lakini nilijitungia fatwa yangu. Nilisema sijauza, sijarithi, nimebadilisha tu, kidude kwa kidude, maana nitatia kile kisikilizio cha askari pahala pake na chombo kitaendelea kusema. Nikasema tena kwamba Mwenyezi Mungu alikuwa akiisikia adhana kabla umeme haujaja Unguja. Na nikasema nitakirudisha harusi ikisha. Watu wanasoma miaka ishirini na bado wanaogopa kutoa fatwa. Mimi niliitoa yangu kwa muda wa kukaza parafujo mbili.

Kisikilizio kile kilisema, ndiyo, lakini kilisema kama mtu aliyejifunika blangeti. Adhuhuri ya siku ya pili nilisimama mlangoni mwa duka nikasikiliza. Pembe juu ya dari ilitoa sauti ya mbali, nyembamba, maneno yameshikana. Nilijiambia watu hawatatambua. Kwa siku mbili tatu kweli hawakutambua. Kisha wakaanza kusema, na walichokisema si kwamba chombo kimeharibika. Walisema mzee amechoka.

Kwa nini wasiseme hivyo? Chombo kilikuwa kipya, kimetoka Aden, na mzee alikuwa mzee. Wiki ile ile haijaisha, wazee watatu wenye kuusimamia msikiti waliniita barazani baada ya Alasiri. Muadhini alikuwa amekaa hapo hapo, pembeni, tasbihi mkononi.

"Fundi," mmoja wao akaniuliza, "chombo kizima?"

"Kizima," nikasema.

"Basi mbona sauti haitoki?"

Hapo ningeweza kunyamaza. Kunyamaza pia kungekuwa dhambi, lakini kungekuwa dhambi ya mtu mwoga. Mimi nilitaka na kuonekana ninajua kazi yangu. Nikasema, "Chombo kinakuza kile kinachopewa, mabwana. Hakiwezi kuongeza ambacho hakimo."

Wale wazee wakatikisa vichwa. Muadhini aliniangalia kidogo, kisha akaiangalia tasbihi yake. Nikaaga, nikarudi dukani kupiga besi.

Alianza kujitibu. Nilimwona akitafuna tangawizi mbichi njiani, nikasikia kwamba anakunywa asali na maji ya moto kila alfajiri, na kwamba kutoka adhana moja mpaka nyengine hasemi na mtu, anaiweka sauti. Watu walimsalimu, akajibu kwa mkono. Siku moja alikuja dukani. Nilikuwa nimelipakata besi, nikaliweka upesi chini ya meza.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu." Alikaa juu ya kiti cha wateja, akavuta pumzi. "Nnataka unifanyie hisani. Wewe una masikio ya kazi. Hebu nsikilize."

Akafumba macho, akatia mkono sikioni, akaadhini takbira mbili za mwanzo, kwa sauti ya chini ili asiwababaishe watu wa nje. Chumba kilijaa. Ilikuwa sauti ile ile ya utoto wangu, haina ufa, haina kukwaruza. Nilikuwa nimeshika pasi ya kulehemia, nikaiweka mezani.

"Vipi?" akauliza.

Ilikuwa sisi wawili tu. Kisahani kilikuwa chini ya meza, hatua moja kutoka mguuni pake. Ningeinama, ningekichukua, ningesema, na mzee yule asingenipiga wala asingenipeleka kwa kadhi. Zilikuwa zimebaki siku tisa kabla ya harusi.

"Umri, Mzee wangu," nikasema. "Sote tunakwenda huko."

"Lakini hapa mbona naisikia nzima?"

"Mtu hajisikii mwenyewe."

Akakubali kwa kichwa, kidogo kidogo. Kisha akauliza, na hakuniangalia alipouliza, "Na kile chombo, ulikifungua ukakitazama ndani?"

"Nshakitazama. Hakina kitu."

Alisimama, akanishukuru, akaondoka. Na ninyi mnaosoma, msidhani niliketi nikalia. Nililitoa besi chini ya meza.

Baada ya siku mbili nikasikia kwamba anasema maneno. Ati amewaambia watu wawili watatu kwamba tangu chombo kilale kwangu usiku mmoja hakikurudi kilivyokuwa, na kwamba fundi amekiharibu. Alikuwa amesema kweli tupu. Mimi nikakasirika! Sijui niwaelezeje hasira ile, maana ilikuwa hasira ya kweli, ya mtu aliyedhulumiwa. Niliona mimi nimefunga chombo bure, nimetengeneza bure, na leo nachafuliwa jina. Nikaenda kwa wale wazee watatu kulalamika. Nikasema siwezi kuendelea kuhudumia msikiti ikiwa muadhini anatafuta wa kumsukumia uzee wake. Neno hilo, uzee wake, nililisema kwa mdomo wangu. Wakanituliza, wakaniomba radhi kwa niaba yake, na nilipokuwa natoka nikamsikia mmoja akisema kwamba fundi cherehani wa mtaa wa pili ana sauti nzuri, na bado kijana.

Harusi ikafika. Ilikuwa ya watu wenye nafasi, taarabu imeanza mchana, kinamama wamejaa uani wamenukia asumini na udi. Nilikaa kwenye kiti. Nilivaa koti la kuazima. Nilipopiga uzi wa kwanza, kiongozi wa kilabu aligeuza shingo kuniangalia, na hakucheka. Kinamama walikuja kumtunza mwimbaji fedha, na mmoja wao, bibi mnene mwenye pete, akapita mbele ya mwimbaji na kuja kunitunza mimi. Nilidhani roho itanitoka kwa furaha. Ilipofika Magharibi tukanyamaza kungojea adhana, kama ilivyo desturi, mikono yetu juu ya nyuzi. Adhana ya msikiti wetu ilikuja dhaifu, kama inatoka kisimani. Mpiga fidla aliyekaa ubavuni mwangu akaninong'oneza, "Yule mzee wenu kachoka."

"Kachoka kweli," nikasema.

Kilabu kikanichukua. Kiongozi alipoambiwa kwamba sikio la besi ni la kuazima, akasema mbona hukusema mapema, akaandika barua kwa jamaa yake Mombasa, na kisahani kikafika, kipya, katika kiboksi chenye pamba. Kilichukua wiki mbili kufika. Wiki mbili! Ningeuliza tangu mwanzo ningekipata kabla ya harusi. Lakini kuuliza ni kukubali kwamba huna, na mimi nilikuwa nimeshajigamba.

Siku ya Jumanne nikasikia kwamba wazee wameamua: baada ya sala ya Ijumaa fundi cherehani ataanza kuadhini, na mzee atapumzika. Nataka kusema kwamba niliposikia hivyo moyo uliniuma na ndipo nikakirudisha kisahani. Moyo uliniuma, hilo ni kweli. Lakini kile cha Mombasa kilikuwa kimeshafika siku mbili kabla.

Jumatano asubuhi, msikiti ukiwa mtupu, niliingia na bisibisi yangu kama mtu aliyekuja kutazama nyaya. Nikaifungua maikrofoni, nikakitia kisahani pahala pake, nikakaza parafujo. Nilitoka mwepesi. Niliyapanga yote kichwani: Adhuhuri mzee ataadhini, sauti itatoka kama ya zamani, watu watastaajabu, wazee wataona haya, na fundi cherehani atarudi kwenye kanzu zake. Hakuna atakayeniuliza kitu. Niliona nimetenda wema mkubwa, na kwa siri, ambavyo ndivyo wema unavyotakiwa. Nilifunga duka mapema kidogo nikakaa kibarazani kusikiliza.

Adhana ilipotoka, uchochoro mzima ulinyamaza. Ilikuwa kubwa, safi, kila herufi pahala pake, na nina hakika ilifika marikiti na kupita. Ilikuwa sauti ya fundi cherehani.

Mzee alikuwa amewaendea wale watatu baada ya Alfajiri. Aliwaambia wasingoje Ijumaa. Ikiwa watu wanateseka kwa ajili yake, basi wasiteseke siku mbili zaidi. Wao wakamwita fundi cherehani, naye akaja na tepu yake shingoni. Mimi nilikuwa nimemwandalia chombo.

Watu walitoka madukani. "Umeona sauti hiyo?" walisema. "Umeona? Kumbe chombo hakikuwa na dosari." Muuza vitambaa wa jirani alikuja akanipiga bega, akasema kwamba sasa kila mtu amejua nani alikuwa mkweli. Nilikwenda kusali, sikujua pengine pa kwenda. Mzee alikuwa safu ya mbele, ametulia, na baada ya sala nilimwona amemshika fundi cherehani mkono anampongeza. Nilitoka kwa mlango wa pembeni nikiwa na viatu mkononi.

Muadhini anapoacha kazi huacha na chumba. Akaamua kurudi kwao Tumbatu, kwa mtoto wa dada yake. Aliishi huko miaka kadhaa. Kutoka mjini mpaka Mkokotoni ni safari ya asubuhi moja, na pale kuvuka ni kitu kidogo. Nilikwenda Mkokotoni mara mbili kwa mambo ya redio, nikakiona kisiwa kiko pale, nikageuka. Mtu yeyote akiniuliza kwa nini sikuvuka kumwambia ukweli, jibu langu ni lile lililotokea Jumamosi, siku aliyoondoka.

Kwetu mtu akihama au akiwa na safari ya mbali, hupita nyumba kwa nyumba kutaka radhi. Hasemi tu nisameheni jumla. Kama anajua alilomkosea mtu, hulitaja, na yule mtu humjibu kwamba amesamehe, ili asafiri bila ya mzigo wa watu shingoni. Mzee alikuja kwangu kabla ya Adhuhuri, amevaa kanzu iliyofuliwa, furushi la nguo zake ameliegemeza mlangoni. Niliinuka. Nilidhani amekuja kuniuliza, na nakuapieni kwamba wakati ule, kama angeuliza, ningesema.

Hakukaa. "Nshawapitia wote," alisema. "Umebaki wewe, na wewe ndiye niliyekukosea khasa."

"Mzee, hukunikosea kitu."

"Nmekukosea. Tena vibaya." Alikuwa anasema kwa taratibu, maneno ameyaandaa. "Nlikusingizia kwa watu. Nliwaambia fundi kakiharibu chombo cha msikiti. Nlisema hivyo kwa sababu sikutaka kukubali kwamba sauti imeniondoka. Juzi nimekaa mle ndani, nimesikia kwa masikio yangu chombo kinavyosema. Nkaona haya, mwanangu. Mtu wa umri wangu, kumzulia kijana anayefanya kazi ya Mungu bila ya ujira."

Nilifungua mdomo. Uchochoroni nyuma yake muuza vitambaa alikuwa amesimama anatutazama, na yule muuza kahawa, wote wanangojea kusikia nikijibu, kama watu wanavyongojea neno jema. Mzee alinyoosha mikono yake miwili. Ilikuwa na sugu za kamba.

"Nsamehe," alisema. "Nisiende na hili."

"Nshakusamehe, Mzee," nikasema.

Akanishika mikono, akanishukuru, akamwomba Mungu anihifadhi na ndimi za watu, akachukua furushi lake akaenda.